Kusafiri kwa Gari na Mbwa Nje ya Uganda Wakati wa Janga: Mwongozo Kamili

Mwenye mbwa anayetoka Kampala kwa gari kwenda Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam huwa na safari mbili ndani ya gari moja. Moja ni yake mwenyewe: pasipoti, kadi ya homa ya manjano, kipimo cha ugonjwa uliozuka. Nyingine ni ya mbwa: kadi ya chanjo, cheti cha afya, kibali cha nchi anayoingia. Siku za kawaida safari hizi mbili huenda pamoja bila taabu kubwa. Wakati wa janga kila moja hufuata saa yake, na ukikwama upande mmoja, karatasi za upande wa pili zinaanza kuisha muda. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba safari hii huamuliwa nyumbani, kwenye kalenda na kwenye jibu la swali moja: nikizuiliwa mimi, nani atashika kamba ya mbwa?

Nimeandika hasa kwa ajili ya njia mbili: ya mashariki inayoingia Kenya kupitia Busia au Malaba, na ya kusini inayoingia Tanzania kupitia Mutukula. Anayekwenda Rwanda atakuta mengi ni yaleyale, ila akumbuke kwamba huko magari hupita upande wa kulia wa barabara.

Kwanza, je, lazima aende?

Kwa arusi, msiba au shughuli ya wiki moja, jibu langu ni hapana. Mwache nyumbani na mtu anayemfahamu, mwenye kujua chakula chake na tabia zake. Mbwa anafaa kwenda pale unapohama, unapokwenda kazini kwa miezi, au pale ambapo kweli hakuna wa kumwachia.

Hata hapo, wapo wasiofaa kusafiri. Mtoto wa mbwa chini ya miezi minne hana sifa, kwa sababu chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12, na baada ya sindano ya kwanza lazima zipite siku 21 kabla haijahesabika kuwa na nguvu. Jike mwenye mimba kubwa asafirishwe tu kwa dharura. Mbwa wa pua fupi hupata shida ya kupumua kwenye joto, na barabara ya kwenda Mombasa ina joto la kutosha. Mbwa mzee mwenye moyo dhaifu apimwe na daktari wa mifugo kabla hujalipia chochote.

Jua unakabiliana na janga lipi

Watu husema "janga" kana kwamba yote ni mamoja, lakini masharti hutofautiana sana kati ya ugonjwa na ugonjwa.

Wakati wa korona, binadamu ndiye aliyekuwa akimwambukiza mbwa. Mapema 2020 huko Hong Kong mbwa mmoja alikutwa na virusi baada ya mwenye mbwa kuugua, na visa vya namna hiyo vikaonekana kwingine, lakini mbwa hawakuwa njia ya kueneza ugonjwa kwa watu. Kwa hiyo shida yote ilikuwa kwa msafiri. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria, malori ya mizigo peke yake yakaendelea kupita, na madereva wakawa wanapimwa Malaba na Busia huku foleni ikinyooka kilomita kwa kilomita. Juni 2021 usafiri kati ya wilaya na wilaya ukazuiwa. Aliyekuwa na kibali kizuri cha mbwa wakati huo hakikumfaa kitu, maana hata kufika mpakani asingeweza.

Ebola ni jambo jingine. Mlipuko uliotangazwa Uganda Septemba 2022 ulisababisha wilaya za Mubende na Kassanda kufungwa kuanzia Oktoba, na ulitangazwa kwisha Januari 2023. Januari 2025 ukazuka mwingine Kampala kwenyewe. Hapa mbwa naye huingia kwenye mashaka. Baada ya mlipuko wa Gabon wa 2001 na 2002, watafiti walikuta kingamwili za Ebola kwenye damu ya mbwa wa vijijini ambao hawakuonekana kuugua, pengine kwa kula mizoga na mabaki. Oktoba 2014 muuguzi aliyeambukizwa Madrid alilazwa na mbwa wake akauawa kwa amri ya mamlaka. Mwezi huohuo, huko Dallas, mbwa wa muuguzi mwingine aliwekwa karantini kwa siku 21, akapimwa, akarudishwa kwa mwenyewe akiwa mzima. Naomba usome mifano hiyo miwili kwa makini: wanyama wawili, ugonjwa mmoja, na hatima mbili zilizotokana na mipango ya watu.

Kuna pia Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, ambayo ilizuka mkoa wa Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Kagera ndiyo mkoa unaoingia moja kwa moja ukivuka Mutukula. Ukisikia habari za Marburg huko, badili njia upitie Kenya, au ahirisha.

Kanuni ya kufuata: kama eneo unalotoka au unalopitia lina Ebola au Marburg inayoendelea, usisafiri na mbwa. Kama ni ugonjwa wa kuambukizana kwa hewa au kwa kugusana kati ya watu, safari yaweza kufanyika ukijiandaa.

Kalenda ihesabiwe kutoka mwisho

Chukua siku unayotaka kuvuka mpaka, kisha rudi nyuma. Kilicho kirefu zaidi hutangulia.

Cha kwanza ni chipu. Nchi nyingi hutaka mbwa awe na maikrochipu ya kimataifa, yaani kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi chenye namba ya tarakimu 15, na inapotakiwa, iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku ileile. Ikiwekwa baadaye, afisa ana haki ya kusema hajui ni mbwa gani aliyechanjwa, na utaanza upya. Hata pale ambapo haijatajwa kama sharti, mimi ningeiweka: mbwa akitoroka Nakuru au Singida, ndicho kitambulisho kitakachobaki mwilini mwake.

Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama ni ya kwanza, au kama ya zamani iliachwa ikaisha, weka siku 21 za kusubiri. Kama ni ya marudio iliyotolewa kabla ya ile ya awali kwisha, kwa kawaida hakuna kusubiri, mradi kadi inaonyesha zote mbili. Wakati huohuo apewe chanjo ya magonjwa mengine ya mbwa, hasa parvo (virusi vinavyoharisha mbwa damu), maana njiani atanusa mikojo ya mbwa wasiochanjwa kila utakaposimama.

Baada ya hapo omba kibali cha kuingiza mnyama katika nchi unayokwenda. Kwa Kenya ni Idara ya Huduma za Mifugo, makao yake Kabete, Nairobi. Kwa Tanzania ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Kibali hiki ndicho kinachotaja masharti yote mengine, kwa hiyo kisome mstari kwa mstari kabla hujakwenda Entebbe. Wengi hufanya kinyume: wanakimbilia cheti cha Uganda kwanza, halafu wanagundua kwamba kibali cha Kenya au Tanzania kinadai dawa fulani ya minyoo au maneno fulani ambayo cheti hakina.

Entebbe ndiko yaliko makao ya Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, na huko ndiko utakakopata idhini ya kumtoa mbwa nchini pamoja na cheti cha afya cha kimataifa. Cheti hutegemea uchunguzi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na maisha yake huhesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Kwa hiyo usikichukue mapema.

Mwisho kabisa ni kipimo chako. Wakati wa korona, nchi nyingi zilidai kipimo cha PCR kisichozidi saa 72 tangu kuchukuliwa sampuli. Hesabu ianze sampuli inapochukuliwa, usingoje majibu yatoke. Tuseme unataka kuvuka Busia Jumanne saa tatu asubuhi. Sampuli iliyochukuliwa Jumamosi saa tatu asubuhi inaisha muda papo hapo unapofika dirishani. Ya Jumapili ni salama zaidi, lakini hakikisha maabara inafanya kazi siku hiyo na kwamba majibu yatatoka Jumatatu mchana. Mimi hupendelea kuacha siku nzima ya akiba, nikijua foleni ya mpakani haina ratiba.

Anayekusudia kufika Nairobi kisha kupanda ndege na mbwa kwenda Ulaya, ajue kuna sharti jingine refu: damu ya mbwa hupimwa kingamwili za kichaa cha mbwa, zifike angalau 0.5 IU (kipimo cha kimataifa) kwa mililita, sampuli ichukuliwe si chini ya siku 30 baada ya chanjo, halafu isubiriwe miezi mitatu. Hiyo ni kazi ya nusu mwaka, ianze mapema.

Kadi ya chanjo inavyosomwa

Niwaeleze kile ambacho afisa wa mifugo hufanya akipokea kadi, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwamia. Hufungua ukurasa wa kichaa cha mbwa na kutafuta kile kibandiko kidogo kinachobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, chenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kwisha. Kisha anatazama tarehe ya sindano, sahihi na mhuri. Halafu anarudi mwanzo kulinganisha jina, rangi, jinsia na namba ya chipu na mbwa aliye mbele yake. Kadi iliyoandikwa "mbwa, kahawia" peke yake, bila kibandiko, mhuri ukiwa umefifia, itakuletea maswali hata kama mbwa alichanjwa kweli.

Basi kabla hujaondoka kliniki, iwe ni kliniki binafsi au ile ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere, simama pale mezani usome kila neno. Kibandiko kipo? Mwaka umeandikwa kamili? Namba ya chipu ina tarakimu 15? Jina lako kwenye kadi linafanana na la pasipoti? Daktari hatachukia, ni dakika mbili tu.

Toa nakala tatu za kila karatasi, na piga picha zote uziweke kwenye simu na kwenye simu ya mtu mwingine. Wakati wa janga karatasi hupita mikono mingi na wakati mwingine hunyunyiziwa dawa hadi wino unatoka. Nakala ndizo zitolewe kwanza. Halisi ioneshwe pale inapoombwa.

Karatasi zako na za gari

Mganda huweza kuingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, lakini wakati wa janga beba pasipoti, kwa sababu ina pa kugongwa mihuri na mfumo wa afya huitambua. Tanzania beba pasipoti vyovyote iwavyo.

Kuna kadi mbili za njano, na zisichanganywe. Moja ni ya homa ya manjano, ya chanjo ya mwili wako, huulizwa na maafisa wa afya. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), nayo ni bima ya gari ya kufidia madhara kwa watu wengine, inayotambulika Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi. Huulizwa na polisi na forodha. Weka pia kitabu cha umiliki wa gari. Kama gari si lako, uwe na barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili, maana mpakani watataka kujua kwamba halitorokeshwi. Utapewa kibali cha muda cha gari: tazama tarehe yake ya mwisho hapohapo na uiandike mahali unapoiona kila siku. Karantini ya ghafla ikikupitisha tarehe hiyo, nenda ofisi ya forodha iliyo karibu kuomba nyongeza kabla haijaisha.

Mtu wa pili

Hii ndiyo sehemu ninayokusihi usiiruke.

Ukipimwa mpakani ukaonekana na joto, au ukatajwa kuwa umekutana na mgonjwa, utapelekwa mahali pa kutengwa. Wakati wa korona zilikuwa siku 14. Kwa Ebola, Marburg na mpox hesabu hufika 21. Vituo vya karantini vya binadamu kwa kawaida havipokei mbwa. Gari litafungwa na kuegeshwa. Mbwa atabaki kwenye mikono ya afisa ambaye hana chakula, hana kizimba, na ana foleni ya watu mia mbele yake. Wapo maafisa wenye moyo, nimewaona wakimpa mbwa maji kwenye mfuniko wa ndoo ya kunawia, lakini hilo si jukumu lao na hupaswi kuwawekea.

Kwa hiyo pata watu wawili. Mmoja awe upande wa Uganda, karibu na mpaka, Tororo au Busia au Masaka. Wa pili awe upande wa pili, Kisumu, Eldoret au Bukoba. Wawe wamekubali kwa mdomo wao, si kwamba unadhani watakubali. Waombe kwa heshima, uwaeleze gharama ni zako: "Kaka, nikizuiliwa, utaweza kuja kumchukua mbwa na kukaa naye wiki tatu?" Mtu akisita, mshukuru utafute mwingine.

Kisha andika barua fupi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, uibandike ndani ya kifuniko cha kizimba: jina la mbwa, umri, namba ya chipu, tarehe ya chanjo, chakula anachokula na kiasi, dawa kama zipo, kama anauma akiogopa, majina na simu za watu wale wawili, na sentensi inayosema unawaruhusu kumchukua. Saini. Barua hii ikiwepo, afisa ana njia ya kufanya jambo jema bila kujiingiza matatani. Isipokuwepo, mbwa ni mali isiyo na mwenyewe.

Safiri pia na mtu mwingine ndani ya gari kama unaweza. Dereva wawili maana yake mmoja aingie ofisini na mwingine akae na mbwa kivulini.

Kumzoesha na kumfungasha

Mbwa ambaye hajawahi kukaa kwenye gari zaidi ya nusu saa asianzie na kilomita 650 za Kampala hadi Nairobi. Anza mwezi mmoja kabla: kwenda Mukono na kurudi, kisha Jinja. Akitapika, mweleze daktari wa mifugo akupe dawa ya kichefuchefu inayomfaa. Usimpe dawa za binadamu, na kamwe usimpe panado wala ibuprofeni, zinaweza kumuua.

Ndani ya gari akae kwenye kizimba kilichofungwa imara, au avae mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa kiti. Kukaa mapajani mwa dereva ni hatari kwa wote, na polisi njiani wanaweza kukuzuia.

Chakula kiwe cha safari nzima pamoja na cha wiki tatu za ziada. Najua kinajaza buti, lakini mpaka ukifungwa maduka nayo yaweza kufungwa, na mbwa akibadilishiwa chakula ghafla huharisha. Maji beba lita nyingi kuliko unavyofikiri: mbwa wa kilo 20 huhitaji kama lita moja kwa siku ya kawaida, na mara mbili kwenye joto. Ongeza bakuli mbili, kamba mbili (moja hukatika au hupotea), blanketi lenye harufu ya nyumbani, mifuko ya kuokotea kinyesi, kibano cha kutolea kupe, bandeji, na kifunga mdomo cha kimia kinachomruhusu kuhema na kunywa. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo kisitumike kwenye joto, kwa sababu mbwa hupoa kwa kuhema.

Mlishe saa tatu au nne kabla ya kuondoka, kiasi kidogo.

Njia ya mashariki

Ondokeni Kampala alfajiri kabla foleni ya Jinja Road haijakaza. Simama kila baada ya saa mbili au tatu, lakini chagua mahali. Namawojolo panapendwa na wasafiri kwa kuku na nyama za kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma), na ndipo pabaya kuliko pote kwa mbwa. Ardhi ile imejaa mifupa ya kuku na vijiti vya mishikaki vyenye mafuta, na mbwa huvimeza kabla hujavuta kamba. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Nunua nyama yako dirishani, mbele ya hapo tafuta nyasi safi. Katika msitu wa Mabira usimshushe karibu na nyani wa kando ya barabara.

Baada ya Jinja na Iganga na Bugiri, utafika njiapanda ya Namutere: kulia ni Busia, moja kwa moja ni Tororo na Malaba. Kwa gari dogo lenye mbwa ningechagua Busia mara nyingi, maana Malaba hubeba uzito wa malori. Lakini piga simu siku ile kwa mtu aliye huko, kwani janga hugeuza hali.

Upande wa Kenya, ukipita Malaba utapanda Eldoret hadi Timboroa, ambako baridi ya usiku ni kali. Hapo blanketi litakuwa na kazi. Kutoka Nairobi kwenda Mombasa mambo yanageuka. Mtito Andei, ambayo ni kama nusu ya njia, na Voi ni nchi ya joto, na barabara inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kuingia hifadhini, na kando ya barabara hiyo kuna tembo na simba, kwa hiyo usimshushe mbwa kwenye vichaka. Mshushe kwenye vituo vya mafuta mijini. Safiri kipande hicho alfajiri.

Usimwache ndani ya gari lililofungwa hata kwa kununua maji. Nje kukiwa na nyuzi 30, ndani hupita 40 kwa muda mfupi tu. Akianza kuhema kwa nguvu, ulimi ukawa mwekundu wa kukoza, akayumba, mtie kivulini, mwagia maji ya kawaida tumboni, mapajani na nyayoni, mpepee, na umpeleke kwa daktari.

Njia ya kusini

Kampala, Masaka, Mutukula: ni barabara tulivu kiasi, na kusimama Kayabwe penye mstari wa ikweta kunafaa kuliko Lukaya, ambako mifupa ni ileile ya Namawojolo. Ukiingia Tanzania, punguza mwendo hadi 50 kila penye makazi. Polisi wapo na vipimo vyao. Kutoka Bukoba kwenda Biharamulo mpake dawa ya kuzuia wadudu na ufunge vioo, kwa sababu kuna mbung'o, na ugonjwa wa nagana huwapata mbwa. Dalili moja ni jicho kugeuka bluu au ukungu. Anayekwenda Mwanza sasa anapita daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, badala ya kusubiri kivuko na mbwa juani.

Mpakani

Busia, Malaba na Mutukula vyote ni vituo vya pamoja: unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Fika asubuhi siku ya kazi. Uhamiaji hufanya kazi mchana na usiku, lakini afisa wa mifugo mara nyingi hufuata saa za ofisi, na wewe huwezi kupita bila mhuri wake.

Utaanza na afya: joto, kunawa mikono, karatasi za kipimo. Mara nyingi mlangoni huwa kuna kitambaa au dimbwi la klorini la kukanyagia. Mbebe mbwa uvuke naye juu yake. Klorini huunguza ngozi kati ya vidole, naye ataramba nyayo baadaye. Mtu wa pampu akitaka kumnyunyizia, mwambie kwa upole, "Mkuu, huyu nitamwosha mwenyewe kwa sabuni," na umwoshe kweli mbele yake. Usimpake kitakasa mikono, usimvishe barakoa.

Baada ya afya ni uhamiaji, kisha forodha kwa gari, kisha mifugo. Tangaza mbwa mwenyewe kabla hujaulizwa. Anayemficha chini ya kiti akikamatwa, kibali halali nacho hutiliwa shaka. Lipa dirishani, chukua risiti. Mbwa akae kamba fupi, mbali na watoto na wachuuzi. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja kwa sindano za kichaa cha mbwa, na kadi ya mbwa itolewe bila kusita.

Pa kulala, na kuishi na watu

Piga simu mapema kila gesti na useme wazi una mbwa wa ukubwa gani. Kafyu hufanya hili kuwa jambo la lazima: wakati wa korona Uganda ilikuwa saa moja jioni ikikukuta barabarani una kesi, na huwezi kuanza kubisha milango na mbwa saa hiyo.

Kadiri unavyoelekea pwani utakaa zaidi na Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi. Si uadui kwa mbwa wako. Ni twahara ya mtu, yaani usafi wake wa ibada, na sala yake. Msimsogeze karibu na mkeka, vyombo, wala nguo iliyoanikwa. Bakuli zake zisioshwe kwenye bomba la jikoni. Ukionesha unajua, mwenye nyumba atakuonesha mwenyewe banda au kona ya ua inayofaa.

Mpaka ukifungwa ukiwa ng'ambo

Baki ulipo. Usikimbilie njia za panya. Kuvuka kwa siri na mnyama wakati wa janga ni kosa katika nchi zote mbili, na mbwa anaweza kuchukuliwa. Nenda ofisi ya mifugo ya wilaya au kaunti ukajiandikishe, ueleze cheti kimepita muda kwa sababu ya kufungwa kwa mpaka, uombe uchunguzi mpya. Toa taarifa ubalozi wa Uganda. Ukiugua wewe, mpigie mtu wa pili siku ya kwanza ya dalili, usingoje majibu, na mpunguzie mbwa kukumbatiwa.

Kurudi

Hapa ndipo karatasi husahauliwa. Kumrudisha mbwa Uganda kunahitaji kibali cha kuingiza kutoka Entebbe na cheti cha afya kutoka nchi unayotoka, hata kama alizaliwa Ntinda, hapo Kampala. Omba kibali cha Uganda wiki kadhaa kabla, au hata kabla hujaondoka ukijua tarehe ya kurudi. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haitaisha ukiwa huko. Ikikaribia, mchanje tena ng'ambo na upate kibandiko na mhuri kama kawaida.

Mkifika nyumbani, mpapase mwili mzima siku hiyohiyo: ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya vidole. Toa kupe wote, mpe dawa ya minyoo. Kwa wiki tatu angalia hamu ya kula, rangi ya fizi, macho na mkojo. Fizi zikipauka au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwahishe kliniki na umwambie daktari mlipita wapi.